Makocha Watatu wa Uwanja wa Mikaratusi

Wiki iliyopita nilikuja Sumbawanga na wasichana wa shule yangu kwa ajili ya mashindano ya netiboli. Tulitoka Namanyere na basi la alfajiri, wote tumejikunyata, vioo vina ukungu, na mimi kichwa kinaniuma kama kawaida yangu siku hizi. Tulipofika stendi tukaambiwa uwanja tuliopangiwa umejaa maji, kwa hiyo mechi zetu zitachezwa kule juu, kwenye chuo cha zamani cha ualimu, upande wa milimani. Nilipakia mipira na madumu ya maji kwenye bajaji, nikapanda na watoto kwa miguu, nikisimama kila baada ya muda kusikilizia magoti.

Nimechoka, rafiki yangu, sikufichi. Nimefundisha muda mrefu, nimesimamia timu za shule karibu muda huo huo, na kustaafu hakuko mbali. Lakini uchovu ulionishika pale getini haukuwa wa mlima. Ile mikaratusi iliyozunguka uwanja imekatwa yote, vimebaki visiki. Nusu ya uwanja imewekwa msingi wa jengo ambalo halijapanda, na ndani ya msingi mtu amelima maharage. Magoli tuliletewa ya chuma, yamesimikwa kwenye matairi yaliyomiminwa zege.

Mlinzi, kijana mwenye koti la jeshi la mtumba, akanisogelea.

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Simtafuti mtu. Nilikulia hapa. Mama yangu alikuwa kocha wa timu ya chuo."

Akacheka kwa adabu. "Kumbe hapa kulikuwa na timu?"

Nikamwambia ndiyo, ilikuwepo. Kisha filimbi ikalia na watoto wangu wakaanza kucheza, nami nikabaki nimekaa kwenye kisiki, macho yapo uwanjani lakini mawazo yamekwenda mbali.

Timu ilikuwepo, bwana. Ilikuwepo mpaka watu wa mjini walikuwa wakifunga maduka Jumamosi mchana wapande kuiangalia. Akina mama walikuja na mabeseni ya mahindi ya kuchemsha na karanga, wazee wakaja na fimbo zao na makoti marefu, na watoto tulipanda juu ya mikaratusi hadi matawi yakalalamika. Unaijua ile baridi yetu ya mwezi wa sita, inayokuja na upepo na kukupasua midomo. Watu walisimama kwenye upepo huo wamejifunga mablanketi, wanapiga kelele kuanzia mwanzo hadi mwisho, wanaondoka sauti zimekauka.

Kocha wa kwanza alikuwa Sista. Alikuwa Mfipa wa kutoka ukanda wa ziwa, mrefu, mwenye hatua ndefu, akifundisha jiografia. Sikuwahi kumwona akikimbia bila kwanza kukusanya gauni lake jeupe kwa mkono mmoja. Yeye ndiye aliyeutengeneza uwanja ule. Palikuwa kichaka cha nyasi na mashimo ya panya. Akawachukua wanachuo, akawapa majembe, wakasawazisha. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa ujenzi, ndiye aliyechonga miti ya magoli na kupinda vyuma vya pipa kuukuu kuwa pete. Pete zile hazikuwa duara kamili. Wageni walizilalamikia kila mara, na Sista aliwajibu kwa upole kwamba hata timu yake inafungia humo humo.

Aliwakimbiza wasichana kabla ya sala ya asubuhi, umande ukiwa bado mweupe kwenye nyasi. Alikuwa na neno lake moja alilolirudia hadi sisi watoto tukawa tunalisema tukicheza rede: "Miguu kwanza, mikono baadaye." Mchezaji aliyedaka mpira vizuri lakini amesimama vibaya aliambiwa arudie. Miaka ya mwanzo walifungwa na kila mtu. Walisafiri hadi Mbeya juu ya lori, wamekaa kwenye magunia ya mahindi, barabara wakati huo vumbi tupu, wanafika nyuso zimekuwa za rangi moja, wanafungwa, wanarudi. Halafu mwaka mmoja wakarudi na kombe. Lori liliingia linapiga honi tangu chini mjini, na Sista amekaa mbele na dereva, amelipakata kombe kama mtoto mgonjwa. Mwaka uliofuata wakalichukua tena.

Kisha shirika lake likamhamisha. Aliondoka Jumapili baada ya misa, na sanduku dogo. Kabla ya kupanda gari alimshika mama yangu mikono akamwambia, "Matroni, hawa wasichana ni wako usiku. Sasa wawe wako na mchana."

Mama yangu alikuwa matroni wa chuo. Alikuwa ameicheza netiboli mwenyewe shule ya misheni, na miaka yote ya Sista alikuwa akiwapikia wachezaji uji, akiwachua miguu, akigawa jezi na kuzikusanya. Tulikaa nyumba ya chuo, ya matofali ya kuchoma na bati, mimi, mama na bibi mzaa baba. Baba alikwenda Mpanda kufanya kazi ya kujenga, na safari zake za kurudi nyumbani zikawa za kuhesabika, kisha za kusubiriwa tu.

Ngoja nikueleze siku ya mama ilivyokuwa, maana wakati ule niliiona ni siku kama siku nyingine. Aliamka bado giza, akawasha moto, akabandika maji. Akaenda mabwenini kuamsha wanachuo, akawakimbiza hadi kilimani na kurudi, yeye nyuma kabisa akiwasukuma waliochoka. Akarudi nyumbani kunifunga vifungo vya sweta na kumpa bibi uji wa ulezi. Mchana alikuwa bwenini na stoo. Jioni alikuwa uwanjani, filimbi mdomoni, kitenge amekikaza kiunoni. Giza likiingia alikuwa jikoni. Msimu wa kulima ukija aliongeza shamba. Tulikuwa na kipande chini ya bonde, na bibi hakukubali kilimwe kwa namna nyingine isipokuwa ile ya wazee wake, kufukia nyasi kwenye vilima vya duara tunavyoviita ntumba, kisha kupanda maharage juu yake, na mwaka unaofuata ulezi. Jumamosi zisizo na mechi tulishinda huko. Mama akilima alikuwa akisimama ghafla, ameegemea mpini, amefumba macho. Nilidhani anasali.

Bibi hakuipenda filimbi. "Mwanamke mzima anapuliza kama askari wa barabarani," alisema kila jioni, huku akichambua dagaa. Lakini siku za mechi alikuwa wa kwanza kubeba kigoda chake kwenda uwanjani, na timu ikifungwa goli alitukana kwa Kifipa maneno ambayo mama alinikataza kuyashika.

Chini ya mama timu ilichukua kombe, ikalichukua tena, na ikalichukua tena. Alikuwa tofauti na Sista. Sista aliwafundisha kukimbia, mama aliwafundisha kuaminiana. Usiku alijua nani analia kwa sababu ya barua ya nyumbani, nani amegombana na nani, nani hajala, na mchana aliwapanga kwa kujua hayo. Kila Alhamisi kabla ya mechi kubwa aliwaleta wote nyumbani kwetu kula. Walijaa kwenye sebule yetu ndogo hadi wengine wakakaa kitandani kwa bibi. Ugali wa ulezi mweusi, maharage yaliyoungwa kwa karanga, na kama kuna mtu ametoka Kasanga, migebuka ya kukaanga, wale samaki wa ziwani. Walicheka, wakaimba, wakaniita kocha mdogo. Nilikuwa mtoto mwenye fahari kuliko wote Sumbawanga, sina haja ya kukudanganya.

Sasa nifike kwenye ule mwaka.

Mwaka huo tulikuwa na mfungaji ambaye sijaona mwingine kama yeye, na nimeona wengi. Alikuwa msichana wa Ilemba, kule bondeni kwenye joto, mwembamba, mkimya. Akipewa mpira chini ya goli alisimama kana kwamba hakuna mtu anayemrukia mbele ya uso, akainua mikono taratibu, na mpira ukaingia bila kugusa chuma. Watu walikuwa wakinyamaza akiinua mikono. Uwanja mzima, na kelele zile zote, kimya. Alikuwa katika mwaka wake wa mwisho, mitihani imekaribia, na fainali mwaka huo ilipangwa kuchezwa kwetu, dhidi ya chuo cha upande wa Mbeya.

Alhamisi ile walikuja kula kama kawaida. Mama alikuwa akikaanga migebuka. Harufu ilipoingia sebuleni, mfungaji akainuka akatoka mbio. Bibi akachukua kikombe cha maji akamfuata nyuma ya jiko. Walirudi, msichana macho mekundu, akasema ana malaria kidogo, wenzake wakampa pole na chakula kikaendelea.

Walipoondoka, bibi aliweka vyombo chini.

"Yule binti hana malaria."

"Atakuwa amekula kitu kibaya," mama akasema, hakugeuka.

"Nimezaa na nimezalisha. Usinifundishe kitu kibaya kikoje."

Mwiko wa mama ukasimama ndani ya sufuria. Unajua sheria ya wakati ule. Mwanachuo akikutwa mjamzito alifungasha siku hiyo hiyo, na ualimu ameupoteza. Na mtu aliyepaswa kutoa taarifa kwa mkuu wa chuo alikuwa matroni. Ikijulikana alijua akanyamaza, kazi hana, na nyumba ile tuliyokuwa tumesimama ndani yake si yetu tena.

"Mama," akamwambia bibi polepole, "nakuomba. Neno hili liishie hapa jikoni." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo nini?"

"Sijasikia kitu."

Kesho yake, Ijumaa, alimwita mfungaji nyumbani. Nilikuwa uani nachambua maharage kwenye ungo, na dirisha lilikuwa wazi. Sikukusudia kusikiliza, ila nyumba zile hazikuwa na siri. Nilisikia kilio kwanza, kile cha mtu anayeziba mdomo. Kisha sauti ya msichana ikisema kwamba tangu juzi tumbo la chini linamvuta, na anaona damu kidogo.

Mama hakungoja. Alimfunga kitenge, akampeleka kwa nesi mmoja wa zahanati ya parokia, mtu wa kwao anayemwamini, wakapita njia ya shambani ili wasionekane. Waliporudi jua lilikuwa limeelemea magharibi. Nesi amesema mtoto bado yupo, lakini mama mtu asikimbie, asiruke, asinyanyue hata ndoo ya maji.

"Matroni, niache nicheze kesho tu," msichana akasema. Walikuwa wamesimama mlangoni. "Nisipocheza watauliza."

"Wataniuliza mimi."

"Watajua."

"Watajua nimekukalisha. Basi. Ukicheza unaweza kumpoteza huyo, na unaweza kupotea na wewe. Mimi sina kombe la kulipia hilo."

"Tutafungwa."

"Tutafungwa," mama akasema. "Nenda kalale."

Jumamosi watu walikuja kuliko siku zote nilizowahi kuona. Mkuu wa chuo alikaa kwenye kiti cha mbele na wageni wake, wamevaa makoti. Mama alitoka nyumbani amebeba kiti chetu cha mgongo, akakiweka pembeni ya uwanja, akamkalisha mfungaji juu yake, amevaa sweta kubwa na blanketi miguuni. Timu ilipoingia, na mahali pake akaingia msichana wa mwaka wa kwanza, mdogo, sauti ya watu ilibadilika. Mwanzo ilikuwa mshangao tu.

Yule mdogo hakuwa mbaya. Mtu akisema alikuwa mbaya anamwonea. Alifunga, akakosa, akafunga, akakosa, na wale wa Mbeya hawakuwa wa kusubiri. Kufika mapumziko walikuwa wametuacha. Ndipo kelele zikaanza. "Mwingize! Mwingize huyo aliyekaa!" Wanaume waliokuwa wamesimama kwenye mikaratusi wakaanza kumwita mama kwa majina. Mkuu wa chuo akainuka, akaja pembeni ya uwanja. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti, nimeshika mgongo wake.

"Matroni, mbona mfungaji amekaa?"

"Nimeamua hivyo, mkuu."

"Anaumwa?"

"Huyu mdogo anahitaji kujifunza. Mwakani ndiye atakayebaki."

"Mwakani?" Alishangaa kweli kweli, hakuwa mtu mkali. "Leo ni fainali, mama."

"Ni uamuzi wangu, mkuu. Nitaubeba."

Mfungaji akaanza kuinuka. Nilimwona, blanketi limeshaanguka chini. Mama, bila kuangalia nyuma, aliweka mkono begani kwake akamkandamiza hadi akakaa tena. Mkono ule ulibaki begani hadi mechi ilipokwisha. Tulifungwa. Wale wa Mbeya waliimba wakizunguka uwanja wetu na kombe letu, na watu wetu waliteremka mjini bila kuaga.

Jumatatu mkuu wa chuo alimwita mama ofisini. Hakumfukuza kazi. Alimwambia ana majukumu mengi, apumzike kidogo, chuo kitaomba mwalimu wa michezo. Ndivyo alivyotueleza bibi na mimi baadaye, kwa maneno machache kama anayetueleza bei ya chumvi.

Siku hiyo hiyo shuleni nilikuwa nimepigana. Watoto walisema mama amehongwa na watu wa Mbeya, amepewa vitenge. Mwingine akasema alimwonea wivu yule msichana kwa sababu anasifiwa kuliko yeye. Neno lilikuwa limenijaa mdomoni, rafiki yangu. Lilikuwa fupi, ningelisema mara moja tu na wote wangenyamaza. Nililimeza, nikapiga ngumi badala yake, nikarudi nyumbani na kola imechanika. Nilikuja nikiwa na hasira na mama pia. Nilitaka nimkute analia, au anamlaani mkuu wa chuo, ili tulie pamoja.

Nilimkuta amelala. Mchana, jua linawaka, amelala juu ya kitanda na viatu vyake, kitambaa bado kichwani, mdomo wazi kidogo. Sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Nilidhani amekufa. Nikamwendea bibi uani nikikimbia.

"Usimwamshe," bibi akasema. Alikuwa akipepeta ulezi. "Muda mrefu mtoto huyu hajalala."

Alilala hadi jioni, na siku iliyofuata akarudi bwenini kama kawaida, akawaamsha wanachuo, ila hakuwakimbiza.

Mfungaji alifanya mitihani yake. Baridi ilimsaidia, mwezi ule kila mtu alivaa nguo juu ya nguo, na mama alimpa sweta la baba lililobaki nyumbani. Kila jioni alikuja kwa mlango wa nyuma kunywa uji wa bibi. Bibi, ambaye ulimi wake haukumwacha mtu, hakumuuliza swali hata moja. Baba wa mtoto hakutajwa kwetu, nami sitamtaja, maana simjui. Siku ya mwisho ya mtihani alipanda gari la kwenda bondeni kabla wenzake hawajaanza hata kufungasha.

Kocha wa tatu alikuja baada ya likizo. Kijana wa Mbeya, mwajiriwa mpya, amesomea michezo, suruali imepigwa pasi. Nilijiandaa kumchukia. Nikamchukia wiki kadhaa, lakini kazi ilikuwa ngumu kwa sababu alikuwa mtu mzuri. Kila Jumapili alipitia kwetu. "Shikamoo mama, shikamoo bibi." Alikaa kwenye kigoda, akala alichopewa, akasimulia timu inavyoendelea. Na aliijua kazi yake. Yule mdogo aliyeingizwa siku ya fainali akawa mfungaji wa kutisha mikononi mwake. Mwaka uliofuata walikwenda Mbeya wakalichukua kombe kwa wenyewe.

Walipolileta, alitoka nalo kwenye lori moja kwa moja hadi kwetu, na wachezaji wote nyuma yake wanaimba. Mama alikuwa uani na ungo.

"Mama, tumekuletea," kijana akasema, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Hongereni, wanangu. Hongereni sana." Alilishika kidogo, akaligeuza, akalirudisha. "Liwekeni ndani, hapa mtalikanyaga." Kisha akamwita yule mfungaji mdogo, akamkumbatia muda mrefu, msichana akalia. Halafu mama akaendelea kupepeta. Mimi niliingia ndani nikalikodolea kombe macho, nikitaka nijisikie kitu kikubwa. Nilijisikia usingizi.

Yule wa Ilemba alirudi mara moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza. Alikuwa amepangiwa shule huko huko bondeni, anafundisha darasa la kwanza. Alikuja na mtoto mgongoni, wa kiume, mnene, na kuku wawili miguu imefungwa. Mama alimpokea mtoto, akakaa naye ukutani panapopata jua, akamlaza kifuani. Tulipotoka jikoni na chai tulikuta wamelala wote wawili, mama na yule mtoto, vinywa wazi. Msichana alisimama na birika mkononi akiwatazama. Tulikunywa chai mimi, bibi na yeye, hadi ikabidi awahi gari, na ndipo tukawaamsha.

Sikumwona tena baada ya hapo. Nilisikia alihamia mbali, upande wa Katavi, kisha sikusikia kitu.

Yule kijana wa Mbeya alikaa miaka kadhaa akapandishwa cheo, akaondoka. Baada yake walikuja wengine ambao hata sura zao siwezi kuzileta. Chuo kikabadilishwa matumizi, wasichana wakapungua, kikafungwa, kikafunguliwa kwa jina jingine, kikafungwa tena. Barabara ya lami ilipofika watu wakapata mahali pengine pa kwenda Jumamosi. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Mama alistaafu, nikamchukua kwangu Namanyere, akawa mzee wa kukaa karibu na jiko na kuuliza mvua imefika wapi.

Mwaka wake wa mwisho, jioni moja tukimenya viazi, nilimuuliza nililokuwa nalo tangu utotoni. Nilitaka kujua kama aliumia. Kama aliwahi kutamani aseme ukweli, atazamwe tena kama zamani na watu wa mjini. Nilikuwa nimelibeba lile neno miaka yote, nikilitunza kama alivyoniambia, na nadhani nilitaka anitue.

"Mama, unaikumbuka ile fainali?"

"Fainali ipi?"

"Ile ya nyumbani. Uliyomkalisha yule mfungaji wa Ilemba."

Alifikiri, kisu mkononi. "Yule mwenye mtoto mnene?"

"Huyo huyo."

"Mtoto yule alikuwa na joto zuri," akasema. Akaendelea kumenya. "Mechi siikumbuki, mwanangu. Zilikuwa nyingi. Nakumbuka nilikuwa nimechoka, halafu nikapumzika."

Nilingoja aongeze. Akaniomba nimsogezee beseni.

Sasa hakuna wa kumuuliza. Wachezaji wale walitawanyika nchi nzima na chaki zao, walio hai wamestaafu, na simjui hata mmoja anayejua kwamba mwingine bado yupo. Kombe sijui liko kwa nani. Ulezi wenyewe haulimwi kama zamani, watu wamehamia mahindi yanayouzwa haraka, na nikitaka uji ule wa bibi lazima nimwagize mtu wa Chala. Nadhani mimi ndiye wa mwisho ninayejua kwa nini timu yetu ilifungwa fainali mwaka ule, na nimekueleza wewe kwa sababu kati ya walioambiwa wanyamaze nimebaki mimi peke yangu, na sidhani kuna wa kudhurika tena. Zamani nilidhani siku nitakapolisema litakuwa jambo kubwa. Kumbe ni hadithi fupi tu ya mwanamke aliyekuwa na kazi nyingi mno, akapewa nafasi ya kuchagua, akachagua, akarudi nyumbani akalala.